Kitufe Kimoja cha Kuita Boti

Siku mliyoniaga nikistaafu mlinipa kitenge, birika la umeme na hotuba. Kitenge nimekwisha kukishona. Birika linasubiri umeme utulie. Hotuba ndiyo inayonisumbua, maana mwenzenu mmoja alisimama akasema mimi ndiye niliyetengeneza aplikesheni ya kuita boti ya wagonjwa, na watu wakapiga makofi. Jamani, mimi simu yangu ikipoteza sauti huwa namwita mjukuu airudishe. Sikutengeneza kitu. Kazi yangu ilikuwa kufuta, na kwa kuwa kufuta hakuna cheti chake, nimeona niwaandikie ilivyokuwa, ninyi mliobaki zamu, kabla hadithi haijaota mabawa.

Nilikuja Nyamisati nikiwa nesi mkunga kijana kutoka Kongwa, mahali ambapo maji mengi zaidi niliyowahi kuyaona kwa pamoja yalikuwa ndani ya pipa. Siku ya kwanza kuvuka kwenda visiwani nilishikilia ubao wa boti kwa mikono miwili, macho nimeyafumba, nasali sala zote nilizofundishwa na nyingine za kwangu mwenyewe. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu akanikabidhi kuku wake nimshike. Nikadhani ananifariji. Kumbe alitaka mikono yake iwe huru amenye muwa. Tulifika salama, kuku mzima na mimi nusu, na hofu ya maji haijaniacha mpaka leo hii ninapoandika.

Aliyenipokea zahanati alikuwa Sista Agripina, mkuu wangu wa kwanza, mwanamke mfupi ambaye hata madaktari walishusha sauti akiingia. Alinipa pembe ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, iliyokwisha kung'arishwa na masikio ya waliotutangulia. Bado ipo kwenye droo ya chumba cha kujifungulia, msiitupe, haihitaji betri. Pamoja na pembe alinipa kanuni, na aliirudia mpaka nikawa naiota: mama mwenye uchungu usimuulize swali ambalo jibu lake halitabadili unachokwenda kufanya. Siku moja nilimuuliza mzazi, mtoto akiwa tayari anachungulia, kwamba anaishi kijiji gani. Sista Agripina alinitazama akasema, "Kwani unataka kumsindikiza?"

Enzi hizo boti iliitwa kwa mguu na kasia. Mtu alipiga mtumbwi kuja bara, akatuambia kuna mgonjwa, nasi tukaenda. Simu zilipokuja tulidhani tabu imekwisha, lakini mnaijua delta yetu ya visiwa na mikondo. Ukipiga, sauti inakatika kila baada ya neno, unasikia "mgo... boti... haraka... nja" na hujui kama ni mgonjwa au ni njaa. Ujumbe wa maandishi ndio unaopita, kwa sababu una subira: unangoja mtandao upate upenyo, kisha unapenya.

Kwa hiyo shirika moja, jina nalihifadhi, lilipokuja na aplikesheni inayotuma ujumbe wa kuita boti, tulifurahi kwa dhati. Iliitwa Vuka. Ukiifungua unakaribishwa na picha ya mama anayecheka, ambayo nayo ilichukua muda wake kujitokeza. Ukimvuka mama huyo unachagua lugha. Kisha unaandika jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kadi ya kliniki, kata, kijiji, jina la mwenza, kundi la damu na neno la siri, ambalo lazima liwe na herufi kubwa na alama ya ajabu. Ndani kulikuwa na hali ya hewa, habari, chemsha bongo ya lishe, na ushauri wa kulala kwa ubavu. Kitufe cha boti kilikuwa pembeni kabisa chini ya vistari vitatu, kidogo kama punje ya ufuta. Na kabla hujakifikia kilitokea kijisanduku kukuuliza: "Je, unafurahia huduma yetu? Tupe nyota."

Tulicheka sana kuhusu nyota zile. Kisha likatokea jambo lililotukatisha kicheko.

Siwema alikuwa binti wa kitongoji cha Kipondo, ndani huko kwenye mikoko, mimba yake ya kwanza. Aliposhikwa na uchungu, jirani anayejua kusoma alifungua Vuka na kuanza kujibu maswali. Alijibu yote, maskini, kwa uaminifu wa mtu anayefanya mtihani. Alipofika kwenye kundi la damu akaenda kuuliza nyumba hadi nyumba. Ujumbe ulitufikia maji yakiwa yamekupwa, na mkondo wa Kipondo maji yakipwa ni tope tupu, boti haipiti mpaka yajae tena. Tulipomfikisha Siwema hospitali alipasuliwa, yeye akapona. Mtoto hakupona. Mimi ndiye niliyemwambia, na sitaki kuandika hapa nilimwambiaje. Nililia kwenye banda la jenereta, mahali ambapo wauguzi wote wa zahanati yetu huenda kulilia kwa sababu ya kelele.

Mwaka uliofuata Siwema akaja kliniki, tumbo limeanza kuonekana, ameongozana na mama mkwe wake, Bi Pili. Mtu mwenye mshono wa upasuaji hatakiwi kusubiri uchungu nyumbani, kwa hiyo nilimpangia aje akae Mchukwi karibu na hospitali mwezi wa mwisho. Akakubali. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na uchungu ukitangulia, Sista? Safari hii boti nitaiitaje?"

Nilichukua karatasi na kalamu. Niliwaandikia wale wa shirika barua kali kiasi kwamba walidhani nimeugua. Nao, nawapa haki yao, hawakujitetea. Wakamtuma Nuru.

Nuru alikuwa binti wa Dar es Salaam, mtaalamu wa kutengeneza programu za simu, suruali yenye mifuko mingi na kompyuta iliyobandikwa vikaratasi vya rangi. Nilitarajia mtu wa kunielimisha. Aliniamkia, akakaa sakafuni na kusema, "Mama, hii kitu nimeitengeneza mimi. Naomba uniambie ubovu wake wote, usinionee huruma." Tangu hapo nilimpenda.

Alichapa kila ukurasa wa Vuka kwenye karatasi, akazibandika kwenye ukuta wa chumba cha chanjo, ukuta ukajaa. Nikamweleza kanuni ya Sista Agripina. Tukakubaliana kila ukurasa usimame ujitetee: je, jibu la swali hili litabadili boti itakakokwenda? Hali ya hewa ikashindwa, maana nahodha wetu Athumani huitazama mbinguni. Chemsha bongo ya lishe haikuwa hata na wakili. Neno la siri likaondoka na herufi yake kubwa. Kundi la damu Nuru alilitetea kwa nguvu.

"Mama, hospitali watalihitaji."

"Watampima wenyewe. Unafikiri watamwekea damu kwa kuamini simu?"

Akalichana. Jina la mgonjwa ndilo lililotuchelewesha, kwa sababu mimi mwenyewe niliona aibu kulitoa. Unampelekeaje boti mtu asiye na jina? Athumani alikuwa amekaa mlangoni akisubiri chai, akasema boti haijawahi kwenda kwenye jina, inakwenda mahali. Basi tukaamua kila simu isajiliwe mara moja tu, na sisi wenyewe, kwa kitongoji chake, halafu isiulize tena kitu. Mama anayecheka alikuwa wa mwisho kubanduliwa. Nuru alimtoa taratibu, akamkunja na kumtia kwenye mfuko mmojawapo wa suruali. Ukutani ikabaki karatasi moja yenye kitufe kimoja kikubwa chenye picha ya boti, chini ya kioo, ambapo kidole gumba hufika bila shida. Ukikibonyeza na kukishikilia kidogo, ujumbe unakwenda kwa Athumani, kwangu na kwa dereva wa gari, wote kwa mpigo.

Tukaenda Kipondo kujaribu, tukitembea kwa maringo.

Sasa, mtandao wa Kipondo unapatikana mahali pamoja tu: kwenye nguzo iliyosimama mbele ya duka la Mwajuma. Kwenye nguzo hiyo Mwajuma amepigilia chupa ya maji iliyokatwa nusu, na ndani ya chupa simu ya dukani hukaa wima kutwa kucha, waya wa sola umeingia kwa chini. Anayetaka kutuma ujumbe husimama pale pale, kwani ukiitoa simu na kusogea hatua chache, mtandao unapotea. Nimepita mbele ya chupa ile miaka na miaka. Nimewahi hata kuiegemea.

Nuru akaweka aplikesheni, akairudisha simu ndani ya chupa, akamwomba Bi Pili abonyeze. Bi Pili akasogea, akaangalia juu, akaangalia chini.

"Nibonyeze wapi?"

"Hapo kwenye boti, bibi."

"Boti ipi? Miye naona ukuta mweupe."

Kitufe kilikuwa ndani ya chupa. Ile nusu ya chini ya kioo, tuliyoipigia hesabu ya kidole gumba, ilikuwa imezama kwenye plastiki ya Mwajuma. Wanawake walicheka mpaka mmoja akaketi chini na ndoo yake. Nuru hakukasirika. Alishika kiuno, akaizunguka nguzo, akasema, "Dah. Gumba lenyewe huku halina kazi," kisha akakaa kwenye gunia la chumvi na kukihamishia kitufe juu. Jua nalo lilikuwa limeumeza wekundu wake, ikabidi akifanye cha njano chenye boti nyeusi. Jioni hiyo hata Bi Pili, ambaye macho yake yalikuwa na ukungu, alikiona akiwa mlangoni kwa Mwajuma.

Kosa lililofuata lilikuwa la kistaarabu zaidi, na lilikuwa langu na Nuru kwa pamoja. Tulifikiri: wengi hawasomi, watajuaje kwamba ujumbe umekwenda? Tukaweka sauti. Tena sauti yenyewe ilikuwa yangu. Nilijirekodi nikiwa nimevaa sare, sijui kwa nini, na nilirudia mpaka nikaridhika na upole wangu.

Tuliporudi Kipondo kujaribu, Siwema mwenyewe ndiye aliyebonyeza. Simu ikatulia, kisha nguzo ikapaza sauti yangu katikati ya kitongoji: "Ombi lako la boti limepokelewa. Mama mjamzito mwenye uchungu, tulia, msaada unakuja." Kumbe chupa ile, pamoja na kazi zake nyingine, hukuza sauti. Wanaume waliokuwa wakishona nyavu walinyanyuka. Mtu alitoka chooni. Watoto walikuja mbio, na mzee mmoja akauliza nani anazaa.

Bi Pili alimshika Siwema mkono akamrudisha nyumbani. Nikawafuata.

"Sista," akasema, "weye mtu mzima. Kwetu uchungu hautangazwi. Mtoto akishalia, tangazeni mtakavyo. Lakini kabla hajalia, nyumba hii hatujui kitu, wala jirani hajui kitu. Kila mtu ana jicho lake."

Nikaanza kumweleza kwamba husuda haizuii mtoto kuzaliwa, na kwamba kinachozuia ni mengine, nikayataja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu Siwema, ambaye huwa hasemi mbele ya mkwewe, akasema kwa utulivu, "Sista, mie mmoja nimeshazika. Walijua wote siku ile, jirani alipita nyumba kwa nyumba kuuliza damu yangu. Kitu cha kupiga kelele sikibonyezi."

 Sikuamini husuda na siamini mpaka leo, lakini hata mimi nilipokuwa na mimba zangu nikaenda kwetu Kongwa, mama yangu alinifunika shuka nisionekane na wageni. Na zaidi ya hayo, kitufe kisichobonyezwa hakiiti boti, hata kiwe cha njano namna gani.

Nuru akauliza, "Kwani ni lazima iongee?" Akina mama wakakaa kikao nyuma ya nyumba ya Bi Pili, huku wakisuka ukili wao. Mmoja akashauri sauti ya kuku, kwa kuwa kuku hamshangazi mtu. Nuru akaiweka pale pale. Tukajaribu: simu ikalia kama kuku, na majogoo wa Kipondo wote wakaijibu, mmoja akairukia nguzo. Tukaiondoa kabla ya magharibi.

Ni Nuru aliyepata dawa, kwa bahati. Alikuwa amezima sauti zote, ameegemea nguzo amekata tamaa, akapokea ujumbe wa mama yake. Simu ikatetemeka ndani ya chupa, chupa ikatetemesha msumari, na mgongo wa Nuru ukausikia. Akageuka taratibu. Akatuita tuweke mikono juu ya chupa, mmoja mmoja. Mtetemo mrefu, ujumbe umefika. Mitetemo mitatu mifupi, boti imeng'oa nanga. Aliye mbali hasikii kitu. Aliyeiwekea chupa mkono anajua, awe anasoma au hasomi, anaona au haoni, hata kama ni kiziwi. Bi Pili alikaa na kiganja chake pale kwa muda, kisha akasema, "Hapo sawa."

Wiki za mwanzo hazikukosa visa. Athumani aliitwa mbiombio akakuta bibi mwenye begi na manukato, anayetaka kuwahi harusi Kibiti. Alimpakia, ila alimsema njia nzima.

Uchungu wa Siwema ukatangulia, kama alivyohofia. Mumewe, Hamisi, alikuwa Nyamwage kwenye ufuta. Ilikuwa baada ya adhuhuri, maji yameanza kupwa. Bi Pili alitoka nyumbani pole pole na kikapu, akaenda dukani kuulizia kiberiti, akamwacha Mwajuma atafute kiberiti ndani, na yeye akaegemea nguzo.

Simu yangu ikalia. Kwenye kioo kulikuwa na neno moja tu: Kipondo. Athumani aliacha wali kwenye sahani. Nilipanda boti bila kusali, kwa mara ya kwanza maishani, maana macho yangu yalikuwa kwenye kingo za mkondo, ambako tope lilikuwa linazidi kujitokeza. Niliogopa. Nilimwona Siwema wa safari ile, niliona na kitambaa alichofunikwa mtoto wake, na nikawa namhimiza Athumani, ambaye alikwisha kumaliza mwendo wote wa mashine.

Walikuwa wanatusubiri gatini, Siwema amesimama wima kwenye buibui lake, jasho linamtiririka, anamwitikia kila anayemsalimia. Bi Pili alikwisha kutangaza kwamba mkwewe anamsindikiza Mchukwi kupima macho. Tulipotoka, chini ya boti palikwaruza tope mara mbili, Athumani akanyanyua mashine na kusukuma kwa upondo, mimi na Bi Pili tukasukuma kwa makasia. Mkondo ulifungwa nyuma yetu. Gari lilikuwa Nyamisati, injini inaunguruma.

Mchukwi walimwingiza chumba cha upasuaji moja kwa moja. Tukabaki kwenye korido, mimi na Bi Pili, kwenye benchi la mbao. Hakuketi. Alisimama ameuelekea mlango, midomo inacheza kwa dua, na mimi nilishika kikapu chake kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Nilizoea kuwa upande wa pili wa mlango ule. Upande huu ni mgumu zaidi, na ninawaomba mlikumbuke hilo mnapowapita watu kwenye mabenchi.

Hapo akatokea bwana mmoja wa Kipondo, aliyekuja kumtazama mgonjwa wake. Akafurahi kuona watu wa kwao, akasalimia, akauliza habari za nyumbani.

"Njema," akasema Bi Pili.

"Na huku mmefuata nini?"

"Macho. Nimeletwa kupima macho."

"Macho, hapa?" Akasoma kibao cha juu ya mlango, akatutazama tena. "Na Siwema hajambo?"

"Hajambo. Yuko nyumbani, anapika."

Mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kilio kirefu cha mapafu mazima, korido yote ikasikia. Yule bwana akautazama mlango. Mimi nilikuwa nalia tayari, kikapu nimekikumbatia. Bi Pili hakugeuka. Alingoja, akasikiliza mpaka mtoto alipovuta pumzi na kulia tena mara ya pili, ndipo akaketi kwenye benchi, akajifuta uso kwa ncha ya ushungi.

"Haya, baba," akamwambia yule bwana. "Sasa nenda kawaambie wote."